Si Kila "Kubwa" ni Moja: Istilahi za Saizi za Matairi na Rimu

Mteja anapoingia katika duka la matairi na kuomba "tairi kubwa kidogo kuliko hili", muuzaji mwenye uzoefu hampi kitu mpaka amwulize maswali mawili matatu. Kubwa kwa upana? Kubwa kwa kimo? Au anataka rimu kubwa? Maswali hayo yanaonekana kuwa ya biashara, lakini kwa hakika ni maswali ya istilahi. Muuzaji amekwisha kutambua kwamba neno "kubwa" limebeba dhana tatu au nne ambazo hazifanani, na kwamba akikosea kuchagua mojawapo gari la mteja litaharibika tabia.

Madhumuni ya makala haya ni kuzitenganisha dhana hizo, kueleza kila moja inafanya kazi gani katika gari, na kupendekeza maneno ya kuziita. Mifano yetu tumeichukua katika Milima ya Usambara, wilayani Lushoto, kwa sababu kosa la saizi ambalo dereva wa tambarare anaweza kuishi nalo miaka mingi bila kulitambua, huko hujidhihirisha katika kona ya kwanza.

Barabara ya Mombo hadi Lushoto

Mombo iko chini ya mlima, katika barabara kuu itokayo Segera kwenda Moshi na Arusha. Kutoka hapo barabara ya lami hupanda kwa takriban kilomita 33, ikipitia Soni, hadi mji wa Lushoto, ambao wakati wa utawala wa Wajerumani uliitwa Wilhelmstal. Katika mwendo huo mfupi gari hupanda karibu mita 1,000. Barabara ni nyembamba, kona zake ni nyingi na kali, na mara nyingi upande mmoja ni ukuta wa mwamba na upande wa pili ni korongo. Malori ya kabichi, nyanya, viazi na matunda hushuka humo yakiwa na mizigo mizito, wakati mabasi na magari madogo yanapanda. Mbele ya Lushoto, kuelekea vijijini, njia nyingi ni za udongo, ambao wakati wa masika huwa utelezi mtupu.

Hivyo gari moja, kwa siku moja, huweza kukutana na hali tatu: lami ya tambarare yenye joto, lami ya mlimani yenye kona, na udongo uliolowa. Kinachogusana na ardhi katika hali zote tatu ni sehemu nne ndogo tu za matairi. Wahenga walisema kwamba chombo hakiendi ila kwa nyenzo. Na nyenzo za gari ni hizo.

Mpira, tairi, rimu na gurudumu

Kabla ya kufika kwenye tarakimu, yafaa tuweke sawa majina ya vitu vyenyewe. Neno "mpira" lina maana nyingi: ni mti, ni mali inayotokana na utomvu wa mti huo, ni kitu cha kuchezea, ni bomba la kumwagilia maji, na katika mazungumzo ya kawaida ni tairi pia. Mkoa wa Tanga unaijua vizuri historia ya neno hilo. Walowezi wa Kijerumani walipanda huko mipira ya aina ya Ceara kwa wingi, mpaka bei ya dunia ilipoanguka mwaka 1913. Baadaye yakawapo mashamba mengine ya mipira, likiwamo la Kihuhwi wilayani Muheza, karibu na Usambara ya Mashariki, ambalo utomvu wake ulikusudiwa kiwanda cha matairi cha General Tyre cha Arusha, kabla hakijasimamisha uzalishaji mwaka 2009. Kwa msomaji wa Tanga, basi, "mpira wa gari" waweza kuwa malighafi, tairi au tyubu. Mwandishi wa maelezo ya kiufundi afadhali auache "mpira" uwe jina la mali yenyewe, na vitu avitaje kwa majina yao.

"Tairi" ni kile kivishwacho. "Rimu" ni chuma kinachovishwa. Viwili hivyo vikiungwa na kujazwa upepo ndipo tunapata "gurudumu". Tofauti hii si ya kupuuzwa. Kitabu kinaposema kwamba gurudumu ni zito, hakina maana kwamba tairi ni zito. Na kinapoagiza gurudumu lisawazishwe, fundi hawezi kulisawazisha tairi lililo chini likiwa peke yake.

Kusoma maandishi ya ubavuni

Katika ubavu wa tairi la gari dogo msomaji ataona maandishi kama haya: 195/65 R15 91H. Watu wengi huyasoma kama jina, yaani hukariri na kwenda nayo dukani. Lakini hayo ni maelezo kamili, na kila sehemu ina dhana yake.

Tarakimu 195 ni upana wa tairi kwa milimita, likiwa limejazwa upepo. Tarakimu 65 si milimita: ni uwiano, yaani kimo cha ubavu ni asilimia 65 ya upana. Kwa hiyo kimo hicho ni milimita 126.75. Hapa ndipo watafsiri wengi hujikwaa, kwa kudhani kwamba 65 ni kipimo kinachojitegemea. Tairi la 205/65 lina ubavu mrefu kuliko la 195/65, ingawa tarakimu ya pili ni ileile.

Herufi R huonyesha kwamba nyuzi zilizo ndani ya tairi zimepita moja kwa moja kutoka ukingo mmoja hadi wa pili. Aina hii, tunayoiita tairi la radiali, ilisajiliwa na kampuni ya Michelin ya Ufaransa mwaka 1946. Aina ya zamani ina nyuzi zilizopishana kwa mshazari, na saizi yake huandikwa kwa kistari, kama vile 7.50-16 iliyotumika sana katika Land Rover: upana wa inchi 7.5, rimu ya inchi 16. Aina hizo mbili zina tabia tofauti katika kona, wala hazifai kuchanganywa katika ekseli moja.

Tarakimu 15 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Msomaji ataona ajabu kwamba katika maandishi mafupi namna hii kuna milimita, asilimia na inchi pamoja. Hiyo ndiyo desturi ya biashara ya matairi duniani, nasi hatuna budi kuifuata. Tarakimu 91 ni namba ya uzito: katika jedwali la kimataifa maana yake ni kwamba tairi moja laweza kuchukua kilo 615. Herufi H ni alama ya mwendo, na huonyesha kwamba tairi limetengenezwa kustahimili hadi kilomita 210 kwa saa. Hakuna atakayeufikia mwendo huo kati ya Soni na Lushoto, lakini namba ya uzito inamhusu kila apakiaye magunia.

Kubwa kwa maana zipi?

Sasa tunaweza kurudi kwenye neno letu. Tukizidisha kimo cha ubavu kwa mbili na kujumlisha kipenyo cha rimu (inchi moja ni milimita 25.4), tunapata kipenyo cha nje cha gurudumu zima. Kwa 195/65 R15 jibu ni milimita 634.5. Tuilinganishe na saizi nyingine tatu.

Saizi ya 205/55 R16 ina kipenyo cha nje cha milimita 631.9. Saizi ya 225/45 R17 ina milimita 634.3. Saizi ya 215/65 R16 ina milimita 685.9.

Tazama jambo hili. Saizi mbili za kwanza zina rimu kubwa kuliko ile ya mwanzo, na matairi yake ni mapana zaidi, lakini gurudumu zima halikukua. Rimu imeongezeka na ubavu umepungua kwa kadiri ileile. Saizi ya tatu imekuza kila kitu, na gurudumu limeongezeka kwa asilimia 8.1. Hata hivyo katika mazungumzo ya kila siku zote tatu huitwa "tairi kubwa". Mtafsiri anayeandika "weka magurudumu makubwa zaidi" hajamwambia msomaji ni lipi kati ya mambo hayo mawili alifanye, na matokeo yake hayafanani kabisa.

Kipenyo cha nje kinapokua kwa asilimia 8.1, gari huinuka kwa karibu milimita 26, jambo ambalo lafaa katika njia yenye mawe. Lakini nguvu inayoifikia ardhi hupungua kwa kadiri ya asilimia 7.5, kama kwamba gia zote zimerefushwa. Dereva aliyekuwa akipanda kwa gia ya pili hujikuta akirudi ya kwanza. Katika kushuka hasara ni kubwa zaidi: breki zilezile, zikibanwa kwa nguvu ileile, hulizuia gari kwa nguvu iliyopungua kwa kadiri hiyohiyo, na injini nayo husaidia kidogo kuliko kwanza. Kipimamwendo nacho hudanganya: kinaposema 60, mwendo wa kweli ni karibu 65. Na usukani ukikatwa mpaka mwisho, kama inavyolazimu katika kona za mlimani, tairi huweza kukwaruza madigadi au springi.

Upande wa pili, rimu inapokua na ubavu kufupishwa, kipimamwendo na gia hubaki kama zilivyokuwa. Ubavu mfupi haupindi sana, kwa hiyo gari huitikia usukani upesi. Hiyo ndiyo faida inayotafutwa. Lakini ubavu ndio mto wa gari. Ukifupishwa, pigo la shimo huenda moja kwa moja kwenye rimu, ambayo huweza kupinda au kupasuka, na tairi huweza kukatika nyuzi za ndani. Mwenye gari aendaye Lushoto mjini tu aweza kuvumilia. Lakini mwenye safari za kila wiki kwenda vijijini kwa njia ya udongo na mawe atakuwa amebadilisha raha ya kona kwa gharama ya rimu.

Upana nao una mambo yake. Wengi huamini kwamba tairi pana huigusa ardhi kwa eneo kubwa zaidi. Kwa kweli eneo hilo, ambalo tunapendekeza liitwe "unyayo wa tairi", hutegemea zaidi uzito uliobebwa na upepo uliojazwa. Tairi lililobeba kilo 400 kwa upepo wa kilo 2.1 kwa sentimita ya mraba lina unyayo wa sentimita za mraba zipatazo 190, yaani kupita kidogo nusu ya ukurasa wa daftari la shule. Tairi likiwa pana, unyayo huwa mfupi na mpana. Likiwa jembamba, huwa mrefu na mwembamba. Unyayo mpana husaidia katika kona za lami kavu. Katika lami yenye maji mengi hupata taabu zaidi kuyasukuma maji pembeni, na katika tope jepesi lililolala juu ya ardhi ngumu tairi jembamba huzama na kuifikia ardhi, wakati pana huelea na kuteleza. Kwa vyovyote vile, tairi lililokwisha kashata, maarufu kwa jina la kipara, haliponi kwa upana.

Liko jambo moja zaidi lisiloandikwa ubavuni mwa tairi. Rimu mbili zenye kipenyo kimoja na upana mmoja zaweza kutofautiana mahali ambapo uso unaofungwa kwa nati umewekwa. Ukiwa umewekwa ndani zaidi, gurudumu hutokeza nje ya madigadi. Madereva wengine hupenda sura hiyo, lakini beringi hubeba mzigo kwa namna isiyokusudiwa, na usukani huvutwa na kila jiwe. Kipimo hiki twaweza kukiita "mkengeuko wa rimu", yaani umbali kati ya uso huo na mstari wa katikati ya rimu.

Kuliita jina lile linalotafutwa

Vitabu vya magari husema kwamba saizi fulani "huboresha" kitu fulani katika gari, na kitu hicho ndicho kigumu kukitafsiri. Si mwendo, wala si nguvu. Ni namna gari linavyomtii dereva: linavyogeuka anapotaka ligeuke, na linavyotulia anapotaka litulie.

Wengine wameandika "uendeshaji", lakini hiyo ni kazi ya dereva, si sifa ya gari. Wengine wameandika "udhibiti", ambao pia ni wa dereva. "Uthabiti" ni sehemu moja tu ya dhana, kwani gari laweza kuwa thabiti katika njia iliyonyooka na likagoma kukata kona. Sisi tunapendekeza "utiifu wa gari". Neno hili lina faida kwamba linaeleweka bila kufasiriwa, na linaruhusu kusema kwamba gari ni tiifu au si tiifu.

Ndani ya utiifu huo zimo dhana tatu ambazo madereva wamekwisha kuzipa maneno. Wanasema gari "linashika barabara": hapo tupate "mshiko". Wanasema gari "linayumba" au "limetulia": hapo tupate "uthabiti". Wanasema usukani "mwepesi" au "mzito", na gari "linawahi" au "linachelewa" kugeuka: hapo tupate "mwitiko". Tukiwa na maneno hayo twaweza kusema kwa sentensi moja kile kilichokuwa kikihitaji aya nzima: ubavu mfupi huongeza mwitiko, tairi pana huongeza mshiko katika lami kavu, na kipenyo cha nje kikizidi hupunguza uthabiti kwa kuwa gari limeinuka.

Yafaa tukumbuke hapa kwamba "usukani" wenyewe ulikuwa wa chombo cha baharini kabla haujaingia garini na kupanda mlima. Lugha haikungoja kikao ili kuuhamisha. Ilitumia neno lililokuwapo kwa kazi iliyofanana. Ndivyo tunavyofanya tunapouita mguso wa tairi unyayo.

Upepo na kanieneo

Istilahi ya fizikia "kanieneo" imo katika vitabu vya shule, na ni ya lazima pale tunapoeleza kanuni. Lakini katika karakana hakuna anayejaza kanieneo; watu hujaza upepo. Hatuoni sababu ya kuliondoa neno hilo katika maelekezo kwa dereva. Kilicho muhimu zaidi ni kizio. Vibandiko vya magari yatokayo Japani, ambavyo aghalabu huwa penye fremu ya mlango wa dereva, hutaja kilopaskali, kwa mfano 220, wakati geji nyingi za karakana husoma paundi kwa inchi ya mraba. Kilopaskali 220 ni karibu paundi 32. Mfasiri asiyetaja kizio amemwachia dereva kitendawili.

Huulizwa pia kama upepo uliopimwa Mombo hubadilika Lushoto. Hewa ya nje ni nyepesi zaidi juu ya mlima, na kwa sababu hiyo geji huelekea kupanda kwa paundi moja na nusu hivi. Lakini Lushoto ni baridi, na tairi likipoa kwa nyuzi 10 za sentigredi geji huelekea kushuka kwa kadiri hiyohiyo. Mambo hayo mawili hukaribia kufutana. La kuzingatia ni kupima tairi likiwa baridi, kabla ya safari, kwa kuwa kona na breki huliongezea joto.

Istilahi zinazopendekezwa

Saizi: maandishi yote ya ubavuni kwa pamoja, kwa mfano 195/65 R15.
Kipimo: sehemu moja ya saizi, kama upana au kipenyo.
Upana wa tairi: umbali kati ya mbavu mbili, kwa milimita.
Kimo cha ubavu: umbali kutoka ukingo wa rimu hadi uso unaogusa ardhi.
Uwiano wa ubavu: kimo cha ubavu kikiwa asilimia ya upana.
Kipenyo cha rimu: kipenyo cha chuma kinachovishwa tairi, kwa inchi.
Kipenyo cha nje: kipenyo cha gurudumu zima.
Mkengeuko wa rimu: umbali kati ya uso wa kufungia na mstari wa katikati ya rimu.
Namba ya uzito: tarakimu ionyeshayo mzigo wa juu kwa tairi moja.
Alama ya mwendo: herufi ionyeshayo mwendo wa juu wa tairi.
Kashata: vipande vya mpira vilivyoinuka juu ya uso wa tairi.
Unyayo wa tairi: eneo la tairi linalogusa ardhi.
Utiifu wa gari: namna gari linavyomfuata dereva, hujumuisha mshiko, uthabiti na mwitiko.

Maneno haya hayakukusudiwa wataalamu wa magari pekee. Afisa wa ugavi wa halmashauri anayeandika katika zabuni "matairi makubwa ya milimani" hawezi kumlaumu mzabuni akiletewa kitu kisichofaa, maana maneno yake yanaruhusu kila kitu. Akiandika saizi kamili, namba ya uzito isiyopungua kiasi fulani, na aina ya kashata, amelinda fedha za umma na roho za watakaopanda gari hilo. Mwalimu wa chuo cha ufundi stadi naye ataona kwamba hesabu ya kipenyo cha nje ni zoezi zuri la asilimia, lenye jibu ambalo mwanafunzi anaweza kwenda kulihakiki kwa utepe uani.

Wasomaji walio karibu na karakana, na hasa walio katika wilaya za milimani, wanaombwa watuletee maneno mengine wanayoyasikia huko. Pale ambapo mafundi wamekwisha kupata jina lililo wazi kuliko letu, lao ndilo lichukuliwe.